Shemeji na Muswada Wangu

Asubuhi ya siku aliyopangiwa kuuzika muswada wangu, shemeji yangu alikuja kunywa chai kwangu kama kawaida yake. Alivuka barabara na kikombe chake mkononi, maana anasema vikombe vya kwangu ni vya kunyweshea paka, akavuta kiti, akaomba sukari, akaomba mkate, akaomba na gazeti. Nilisimama karibu na jiko nikamtazama anavyopaka siagi kipande kizima hadi kwenye ganda.

"Shemeji, leo nakumaliza," akasema, mdomo umejaa.

"Tafuna kwanza, utapaliwa."

"Nakumaliza kwa maneno tu. Hutasikia maumivu."

Mume wangu, ambaye ni kaka yake mkubwa na fundi wa majokofu, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hakuinua hata kichwa. "Mkitaka kugombana nendeni kwenye huo ukumbi wenu," akasema. "Hapa ni mezani."

Niseme mapema ili tusipotezane. Shemeji ni mbunge wa upande wa serikali, mimi ni mbunge wa upinzani, na ukoo umeshazoea. Mama mkwe aliwahi kusema kwamba angejua angezaa mafundi watupu. Bungeni shemeji anaitwa Redio, na si mimi niliyempa jina hilo. Walimpa wenzake wenyewe, baada ya kugundua kwamba ukimwasha huoni pa kumzimia. Mimi kabla ya siasa nilikuwa mwalimu wa udereva, kwa hiyo kunyamaza wakati mtu anakosea mbele ya macho yangu si kipaji nilichojaliwa.

Bunge letu ni dogo. Sisi ni nchi ndani ya nchi: jeshi, sarafu na mambo ya mabalozi yako kwa wakubwa, kwenye bunge la taifa zima, na sisi tumeachiwa shule, maji, barabara za ndani na zahanati. Wale wakubwa hutuita bunge la mitaro. Waache watuite. Mtu akishikwa na tumbo Jumapili hamtafuti balozi.

Na muswada wangu ulikuwa unahusu Jumapili hiyo hiyo. Zahanati zetu za serikali hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, kana kwamba watu huugua kwa ratiba ya ofisi. Nilitaka sheria ya kusema ziwe wazi kila siku, sikukuu zikiwemo, na ndani awepo mhudumu mwenye ufunguo na akili timamu. Basi. Muswada wenyewe ulikuwa mfupi hadi katibu wa bunge aliniuliza kama kurasa nyingine zimepotea.

Sikuutoa hewani. Mimi nilijifungulia mbele ya geti la zahanati, Jumapili, jua la utosi. Ndiyo maana binti yangu anaitwa Geti. Jina la kwenye cheti analo, tena zuri, lakini hakuna anayelitumia. Na siku ile walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mvulana, akaondoka kabla hata hatujamjua. Hilo nyumbani hatulisemi. Geti analijua, kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani bila kuitwa na kuambiwa. Kinachosimuliwa ni nusu ya kwanza tu, na msimulizi wake ni Redio, kwa sababu alikuwepo, mume wangu akiwa safarini kikazi. Kwenye kila harusi ya ukoo husimama na kueleza alivyopanda geti la zahanati, suruali ikanasa, akaning'inia, watu wanacheka hadi wanashika mbavu, kisha anafika mahali Geti analia kwa mara ya kwanza, anainua glasi, anakaa. Hadithi huishia hapo. Mwaka hadi mwaka geti linazidi kurefuka, na mimi hucheka pamoja na wengine.

Gari lake lilikuwa gereji, kwa hiyo ndiyo hiyo, nikampa lifti mtu anayekwenda kunimaliza. Njiani alinyamaza, jambo ambalo si la kawaida, kisha akasema akitazama dirishani, "Wameniahidi unaibu waziri."

"Hongera. Wa nini?"

"Wa afya."

Nilikanyaga breki hadi wa nyuma yangu akapiga honi.

"Ni siasa tu, shemeji," akasema. "Si kwamba mimi binafsi napinga. Uchaguzi unakuja. Chama hakitaki mwingie mtaani mmeshika kitu mkononi."

"Kitu chenyewe ni zahanati!"

"Ndiyo nakwambia ni siasa."

Nikabadilisha gia kwa hasira hadi nikaisikia kwenye kiwiko.

Ukumbi wetu una zulia la kijani lililochakaa mlangoni, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, na saa kubwa juu ya kiti cha Spika. Siku hiyo kila mtu alikuwa anaitazama ile saa. Ilikuwa siku ya mwisho ya Bunge. Saa saba mchana siwa, lile rungu la heshima la Bunge, inaondolewa mezani, Bunge linavunjwa, tunakwenda kwenye uchaguzi, na muswada wowote ambao haujapigiwa kura unakufa pale pale. Kura tulikuwa nazo, au karibu nazo. Baadhi ya wabunge wa serikali walikuwa wameniambia pembeni, kwa sauti za watu wanaokopa, kwamba ikifika kura hawataweza kuusemea hapana mbele ya wake zao. Kwa hiyo dawa ya serikali ilikuwa moja tu: isifike kura.

Na chombo walikuwa nacho. Kanuni zetu zinampa kila mbunge muda wake, isipokuwa yule anayejibu kwa niaba ya serikali. Huyo anaongea hadi achoke. Redio hajawahi kuchoka.

Maswali ya asubuhi yalipita haraka, mtu mmoja akauliza kuhusu daraja, mwingine kuhusu mbwa wa mitaani. Kisha nikaitwa. Nilisoma hoja yangu nikiwa nimeshika ukingo wa meza, nikaeleza siku yangu ya getini kwa maneno machache, maana nikiongeza ningelia na sikutaka kuwapa hilo. Juu, kwenye jukwaa la wageni, mume wangu na Geti walikaa safu ya mbele, chini ya tangazo linalokataza wageni kuongea, kupiga makofi na kupunga mikono. Askari wa bunge alisimama nyuma yao amekunja uso. Nikaketi. Waziri wa Afya, mtu mpole anayeongea kama anayesoma maelekezo ya dawa, akasema mbunge mwenzake ndiye atakayejibu kwa niaba ya serikali, kisha akamkonyeza Redio.

Redio akasimama, akajifunga kifungo cha koti, akaanza.

Lazima nimpe haki yake: mtu huyu ana kipaji. Kanuni inataka mzungumzaji asitoke nje ya mada na asirudie aliyokwisha sema, na yeye hakutoka wala hakurudia. Alianza na historia ya zahanati ya kwanza. Akahamia kwenye milango yake. Kutoka kwenye milango akaenda kwenye bawaba, kutoka kwenye bawaba akaenda kwenye kufuli, akaeleza aina za kufuli na tabia ya kila moja wakati wa mvua. Akaongelea rangi za kuta na athari zake kwa mgonjwa wa homa. Akauliza, Jumapili ni nini hasa? Akajijibu kwa nusu saa. Wabunge wa serikali walikuwa wanapokezana kwenda kunywa chai na kurudi wamefuta midomo.

Mnadhimu wetu, yaani yule anayetusimamia tupige kura pamoja, ni mtu mwembamba mwenye koo kavu. Alisimama mara ya kwanza, "Mwongozo wa Spika! Mheshimiwa ametoka nje ya mada."

"Anaongelea mlango wa zahanati," akasema Spika. "Muswada unahusu kufungua mlango wa zahanati. Aendelee." Spika wetu ni mwanamke aliyekuwa hakimu, na hana upendeleo hata ukimtafutia kwa tochi. Sauti yake ilionyesha kwamba hata yeye amechoka, lakini kanuni ni kanuni.

Mnadhimu akajaribu tena kwamba anarudia. Spika akamuuliza amerudia nini. Mnadhimu hakukumbuka, maana alikuwa amesinzia. Akajaribu la idadi ya wabunge ukumbini; wale wa chai wakarudi mbio, wakajaza viti. Akaketi, akanigeukia, akaninong'oneza, "Mama, tumekwisha. Hebu ona saa."

Nikaona saa. Kisha nikatazama juu. Mume wangu alikuwa ameweka kidevu kwenye ukuta mfupi wa jukwaa, anamtazama mdogo wake kama anayetazama jokofu ambalo amelitengeneza mara nyingi na bado linavuja. Geti hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa ameinamia mikono yake. Nilipomwona vile damu ilinichemka. Niseme ukweli, wakati ule ningekuwa na kiatu kingine cha kuvaa kurudia nyumbani, kile nilichovaa kingeruka.

Badala yake nikasimama. "Taarifa, Mheshimiwa Spika!"

Kwetu kuna utaratibu huu. Mbunge anapoongea, mwenzake anaweza kusimama kumpa taarifa fupi, jambo la kweli linalohusu anayoyasema. Mzungumzaji anaketi, anasikiliza, kisha anaulizwa kama anaipokea. Akiikataa, anaendelea alipoishia. Akiipokea, inakuwa sehemu ya maneno yake mwenyewe. Redio hukataa taarifa zote. Hukataa kabla hujamaliza.

Akaketi, akaegemea, akatabasamu. Alidhani nimesimama ili nilie.

"Mheshimiwa Spika," nikasema, "napenda kumpa mzungumzaji taarifa kwamba siku ile niliyoieleza, yeye mwenyewe alikuwepo pale getini. Alikuwa ameshika mwavuli."

Nikaketi. Mnadhimu akanitazama kama nimepagawa.

Sikusema uongo. Kuliambia Bunge uongo ni kosa, na sikuwa tayari kufukuzwa siku kama ile. Mwavuli aliushika kweli, alimshikia mama mkwe kwa muda kidogo tulipofika. Nilichofanya ni kuumega ukweli na kumpa kipande kidogo kabisa. Namjua shemeji yangu tangu akiwa kijana anayeazima mashati ya kaka yake. Mtukane, atacheka. Mnyime unaibu waziri, atasubiri mwingine. Lakini hadithi yake usiiguse.

"Mheshimiwa, unaipokea taarifa hiyo?" akauliza Spika.

Redio alikuwa ameshasimama. "Mwavuli?" akasema.

"Nimeuliza, unaipokea?"

"Mwavuli tu, Mheshimiwa Spika?"

"Mheshimiwa!"

"Naipokea, kwamba nilikuwepo naipokea, lakini haijakamilika! Imekatwa miguu hiyo! Geti alilipanda nani? Shemeji, sema, geti alilipanda nani?"

"Ndani ya ukumbi huu hakuna shemeji," akasema Spika. "Kuna Waheshimiwa. Ongea na Kiti."

"Basi, Mheshimiwa Spika, nakuambia wewe. Geti nililipanda mimi."

Na akaanza. Nilimwona Waziri wa Afya akijiweka vizuri kitini, ameridhika. Kwake yeye maneno ni maneno, muda unakwenda. Redio akaeleza jinsi tulivyofika kwa pikapu ya jirani, mimi nimelala nyuma juu ya magunia, na jinsi alivyokuta geti lina mnyororo na mlinzi hayupo. Geti lenyewe bungeni lilikuwa na urefu wa ghorofa. Akaeleza alivyopanda na viatu vyake vipya vya ofisini, alivyofika juu, alivyoruka, na jinsi suruali ilivyokataa kuruka naye. Akaonyesha alivyoning'inia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, serikali na upinzani, hata waandishi wa kumbukumbu pale mbele mabega yalikuwa yanawacheza. Mama mmoja wa upande wa serikali alikuwa anafuta machozi na karatasi za ajenda.

"Suruali ikachanika, nikaanguka ndani kama mzigo. Nikasimama, nikakimbilia mlangoni. Kufuli! Nikazunguka nyuma. Kufuli! Nikarudi mbele, na ndipo, Mheshimiwa Spika, nikasikia kule nje ya geti mtoto analia. Ndiye yule pale juu. Ndiye Geti!"

Wakapiga meza. Watu wakageuka kutazama jukwaa la wageni. Redio akainua glasi yake ya maji juu, kama kwenye harusi, akamtazama mtoto wa kaka yake.

Geti hakutabasamu. Alikuwa ameinua uso na kumkazia macho baba yake mdogo, na wala si kwa hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua kwamba hadithi haijaisha.

Redio alibaki na glasi hewani. Kicheko kikapungua, kikaisha. Sijui alisimama vile kwa muda gani, lakini nilimsikia Waziri akinong'ona, "Endelea, endelea." Akaishusha glasi taratibu hadi mezani.

"Walikuwa wawili, Mheshimiwa Spika," akasema.

Sauti ilikuwa nyingine. Nilishika ukingo wa meza.

"Huwa naishia hapo kwa sababu hapo watu wanacheka. Wa pili alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama yangu alimfunga kwenye kanga, akanipitishia kati ya nondo za geti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ndani. Alisema, mkimbize, mpelekee mtu. Nikakimbia naye. Mtu hakuwepo. Nimezunguka ile zahanati nikigonga kila dirisha, nikiwa naye mkononi, na alikuwa bado ana joto, alikuwa anafungua na kufunga mdomo hivi."

Akaonyesha. 

"Dirisha la nyuma halikuwa na pazia. Nikachungulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kwenye meza palikuwa na ile mashine ndogo ya kumpulizia hewa mtoto asiyepumua vizuri. Niliijua, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa karani wa vifaa, niliipokea mwenyewe na kuisainia. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Kati yangu na ile mashine kulikuwa na kioo tu. Hakukuwa na nondo. Kioo, Mheshimiwa Spika, cha kupiga kiwiko."

Mimi hilo sikulijua. Kwa miaka yote hiyo, chai zote hizo, harusi zote hizo, sikulijua. Nilitazama juu nikamwona mume wangu amesimama.

"Sikukipiga," akasema Redio. "Niliogopa. Niliwaza, hii ni mali ya serikali, na mimi ni mtumishi wa serikali, nikivunja nitaulizwa. Nikasimama pale nawaza nitaandika maelezo gani. Nilipomaliza kuwaza alikuwa ameshapoa."

Waziri akamvuta koti kwa chini. "Nenda kwenye kufuli," akamwambia, na kipaza sauti kikayanasa maneno hayo, tukayasikia wote. "Rudi kwenye kufuli, muda bado."

Redio akautazama ule mkono kwenye koti lake, akautoa kwa vidole viwili.

"Leo nimetumwa tena kulinda kioo," akasema. "Nimesimama hapa tangu asubuhi nakilinda. Mheshimiwa Spika, nauunga mkono muswada huu. Naomba kura ipigwe."

Akaketi.

Ukumbi ulichukua muda kuelewa. Redio ameketi mwenyewe! Wa kwanza kuamka alikuwa Mnadhimu wetu, akaruka kama aliyekalia siafu. "Naafiki kura ipigwe!" Waziri naye akasimama, uso umemvimba, akasema anaomba kutoa taarifa. Spika akamtazama juu ya miwani.

"Taarifa umpe nani, Mheshimiwa Waziri? Hakuna anayezungumza."

"Basi naomba kuchangia."

"Ulisema mwenzako atajibu kwa niaba ya serikali. Amejibu. Naona amejibu vizuri. Pigeni kengele."

Oh, kengele ile! Nimeisikia mara nyingi ikipigwa, huwa inanikera masikio, lakini siku hiyo ningeweza kuichezea ngoma. Kwetu kura hupigwa kwa miguu: wa ndiyo wanatokea mlango wa kulia, wa hapana mlango wa kushoto, na makatibu wanahesabu mlangoni. Nikasimama. Mnadhimu akanishika kiwiko, akanisukuma kuelekea kulia. Upande wa pili niliona watu wakitazamana. Redio alitoka kwenye kiti chake peke yake, akakata katikati ya ukumbi mbele ya wakubwa wake wote, akaenda kulia. Yule mama aliyekuwa anafuta machozi akakunja ajenda yake, akamfuata. Akafuata mwingine. Mzee mmoja wa safu ya mbele, ambaye sijawahi kumwona akivunja amri ya chama, alisema kwa sauti, "Aah, potelea mbali," akafuata. Hata wale waliokuwa wamenitolea ahadi za pembeni walijikuta wanasukumana mlangoni na watu ambao hawakuniahidi chochote.

Mlango wa kulia ukasongamana. Mtu alinikanyaga, sikujali. Nilijikuta nimebanwa bega kwa bega na wabunge wa serikali, wananuka chai ya bure ya bungeni, na nikawapenda wote.

Tuliporudi, katibu akampa Spika karatasi. Spika akaisoma kwanza kimya, akaisoma tena. Saa juu ya kichwa chake ilikuwa inakaribia saba, lakini ilikuwa bado, na wakati huo ingeweza kufanya ipendavyo.

"Waliosema ndiyo wameshinda," akasema. "Tena kwa mbali. Muswada umepita."

Sijui nilipiga kelele gani. Najua meza yangu ilipata ufa, na wahudumu wa ukumbi walinidai baadaye. Mnadhimu alinikumbatia hadi miwani yake ikanaswa kwenye nywele zangu. Juu kwenye jukwaa, mume wangu, mtu ambaye kwenye harusi yetu wenyewe alizungumza sentensi moja, alipunga mikono yote miwili akapaza sauti, "Umepita! Umepita!" Askari wa bunge akamshika bega na kumwonyesha mlango. Akatoka bila ubishi, bado anapiga kelele, na tukawa tunamsikia anavyoshuka ngazi, umepita, umepita, hadi chini kabisa. Spika aligonga nyundo yake mezani mara moja tu, kidogo, kwa ajili ya kutimiza wajibu.

Kisha siwa ikaondolewa, na Bunge letu la mitaro likavunjwa likiwa limefanya kazi.

Nilimkuta Redio kwenye ngazi za nje. Watu walikuwa wanapita wanamkwepa, wengine wanampiga begani haraka haraka kabla wakubwa hawajaona. Unaibu waziri ulikuwa umekwenda, na pengine hata jina lake kwenye orodha ya wagombea. Alikuwa amelegeza tai. Nilikuwa nimepanga mambo mengi ya kumwambia, mengine makali, maana kile kioo kilikuwa bado kimenikaa kifuani. Badala yake nikamrekebisha kola ya shati, nikasema, "Shemeji."

"Ungejua, ungenichukia," akasema.

"Nimeshajua."

"Na?"

"Ulikuwa kijana. Geti lilikuwa na mnyororo. Aliyefunga mnyororo siyo wewe." Nilimaanisha. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyomaanisha.

Mume wangu akaja, amepoteza sauti kabisa, akamkumbatia mdogo wake kwa nyuma bila kumgeuza, akabaki hivyo hivyo. Redio akafunga macho.

Ndipo Geti akashuka. Wabunge walimpisha kwenye ngazi kama wanavyowapisha mawaziri. Akasimama ngazi moja juu ya baba yake mdogo, wakawa sawa kwa kimo.

"Baba mdogo," akasema. "Alifanana na mimi?"

Katika nyumba yetu swali hilo halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona mwanangu vizuri. Nilikuwa nimelala kwenye magunia, na aliporudishwa kwangu kati ya nondo zile alikuwa ameshafunikwa uso. Redio peke yake ndiye aliyepata muda wa kumtazama akiwa hai.

"Mlifanana paji la uso," akasema. "Lakini yeye alikuwa na nywele nyingi. Nyingi kweli, mpaka kwenye masikio. Na vidole virefu. Alinishika kidole gumba akakibana, ana nguvu, hutaamini kama ni mtoto wa saa ile. Na alikuwa na kidoti hapa."

Akajigusa chini ya jicho la kushoto. Mume wangu akainua mkono wake mwenyewe, akagusa kidoti chake mahali pale pale.

"Niambie tena," nikamwambia. "Anza na nywele."

Akaanza na nywele. Wabunge walikuwa wanashuka wananipa mikono, hongera Mheshimiwa, hongera sana, nami niliwapa mikono bila kuwatazama, maana nilikuwa namsikiliza shemeji yangu akinieleza mwanangu alivyokuwa.